SOMO JUU YA FILME: «LA VIE EST BELLE», NA KWA SABABU GANI TUNAITAZAMA TENA



Katika ukurasa huu tumezoea kusoma vitabu pamoja. Mara hii tunasoma filme. Tunasema «kusoma» kwa kusudi, maana filme nzuri inasomwa sawa na kitabu: unaifungua, unaifunga, kisha unarudi ndani yake na kukuta mambo ambayo mara ya kwanza yalikupita. Filme yetu inaitwa «La vie est belle», maana yake «Maisha ni mazuri». Ilitoka mwaka 1987, na ni ya Kinshasa tangu mwanzo mpaka mwisho. Kuna watu kati yetu wanaoijua hata wanasema neno kabla mchezaji hajafungua kinywa.

Sasa, maulizo mawili yalitupata. La kwanza: «Ile filme iko ya kucheka tu. Ukisha kujua mwisho, unarudi kutafuta nini tena?» La pili lilikuja kwa sauti ya chini zaidi, lakini ni kubwa zaidi: filme yenyi bar, na mfumu, na mwanaume anayetaka wake wawili, inafaa kweli katika masomo ya Waprotestanti? Tutajaribu kuyajibu yote mawili. Lakini kwanza hadisi yenyewe, kwa ajili ya wale ambao hawajaiona.

Kourou ni kijana wa kijiji, mpiga muziki, maskini. Ndoto yake ni kufika Kinshasa, kuimba na vyombo vya umeme, kusikiwa katika radio na kuonekana katika televizyo. Anafika mjini bila kitu. Njaa inamfundisha haraka, na anapata kazi ya boyi katika nyumba ya tajiri mmoja, Nvouandou, mwenyi bar kubwa ya muziki. Wakati ule ule moyo wake umenaswa na msichana anayeitwa Kabibi. Nvouandou naye ana taabu yake ya siri: ana feza, ana gari, ana jina, lakini nguvu za mume zimemwacha, na mke wake Mamou haoni mtoto. Anakwenda kwa mfumu. Mfumu anamwambia: oa msichana ambaye hajamjua mwanaume, lakini usimguse mpaka siku 30 zipite. Tajiri anatafuta, anapata. Na msichana ni nani? Ni Kabibi yule yule.

Ni hayo tu. Mnaona kwamba hata mtoto anaweza kuyashika. Tajiri anahesabu siku, boyi anapenda mke wa patro wake, bibi wa kwanza anakasirika na kufanya mipango yake, mama ya msichana anafurahi kwa sababu ya mkwe mwenyi feza. Na mwishoni Kourou anasimama mbele ya watu na kuimba. Haifiki saa moja na nusu.

Basi, kwa nini kurudi?

Tukumbuke hadisi ya Yosefu na ndugu zake, katika kitabu cha Mwanzo, sura ya 42 mpaka 45. Ndugu wanafika Misri kununua chakula, wanainama mbele ya mkubwa wa nchi, hawamtambui. Sisi tunamtambua. Wote hapa tumeisikia hadisi hii tangu shule ya Siku ya Mungu, hakuna anayengoja kujua mwisho wake. Lakini ikisomwa tena, tunakaa kimya. Mbona? Kwa sababu utamu wake hautoki katika kutojua. Unatoka katika kujua jambo ambalo watu wa ndani ya hadisi hawalijui. Kila neno la ndugu wale lina maana mbili, moja kwao na moja kwetu.

Filme ya kuchekesha iliyotengenezwa vizuri inafanya kazi namna hiyo hiyo. Mara ya kwanza unacheka kwa sababu umeshtuka. Mara ya pili unacheka mapema, kwa sababu unaona mtu anatembea kwenda kwenye shimo na kichwa kiko juu. Nvouandou akitembea kwa maringo, mara ya kwanza tunaona tajiri. Mara ya pili tunaona mwanaume mwenyi hofu, aliyejifunika kwa nguo nzuri. Uso ni ule ule, na mchezaji, Kanku Kasongo, hakubadili kitu. Ni sisi tuliobadilika. Na hapo kicheko kinaanza kuchanganyika na huruma. Ndiyo sababu watu wanaiita filme hii ya kuchekesha na ya uzito kwa mara moja: kitu kimoja kinachekesha jicho la kwanza na kusikitisha jicho la pili.

Tunawashauri mfanye hivi. Mara ya pili msitazame anayesema. Mtazame anayesikiliza. Boyi katika nyumba ya tajiri ni mtu wa kusikiliza: anaingia, anatoka, anabeba, na wakubwa wanasema mbele yake kana kwamba ni kiti. Ninyi mliokwisha kufanya kazi katika nyumba za watu wakati wa likizo mnajua vizuri hali hiyo. Boyi anajua nyumba kuliko mwenyi nyumba. Wazee wetu walijua jambo hili zamani katika hadisi za sungura: mdogo anashinda kwa sababu mkubwa hamhesabu.

Na mara ya tatu fuateni feza. Zitazameni zinatoka mkono gani na zinaingia mkono gani. Mfumu anauza shauri. Mama anapima mkwe kwa mali atakayoleta. Tajiri anauza pombe na muziki. Kourou hana kitu cha kuuza ila mikono yake na sauti yake, na kwa muda mrefu mji unataka mikono tu. Ukisha kuona njia hii ya feza, filme nzima inageuka. Haiwi tena hadisi ya mapendo yenyi nyimbo, inakuwa hesabu ya Kinshasa ya miaka ile.

Na miaka ile tuiseme kidogo. Nchi yetu iliitwa Zaire, jina lililodumu tangu 1971 mpaka 1997. Mwaka 1983 serikali ilishusha sana thamani ya feza yetu, ile «zaire», na mshahara wa mtu wa kazi, mwalimu ndani yake, ukawa kitu cha kuchekwa sokoni. Watu wakaishi kwa «Article 15». Wakubwa wanajua mchezo huu wa maneno: watu husema ulianza wakati wa Kasai ya Kusini kujitenga, baada ya uhuru wa 1960, eti sheria yao ilikuwa na kifungu cha 15 kinachosema: «Débrouillez-vous», jitafutieni wenyewe. Kwa kweli hakuna mtu anayetafuta kifungu hicho katika karatasi. Kiko barabarani. Kila mtu wa «La vie est belle» anaishi kwa kifungu cha 15, tajiri kama maskini.

Hapa tuna neno la kulaumu. Hadisi hii haimgusi mkubwa wa nchi. Mobutu alitawala, chama chake MPR kilikuwa kila mahali, na hapa taabu ya maskini inatokea kama mvua, haina baba wala mama. Wengine wanasema ni uoga. Sisi tunaona kwamba mtu aliyetaka kupiga filme katika mitaa ya Kinshasa wakati ule hakuwa na nafasi kubwa ya kuchagua. Lakini pengo liko, na mwanafunzi anayetazama mara ya pili alione. Tajiri mwenyi kiburi, anayetaka wote wamwogope, na ndani yake hakuna nguvu: tunawaachia ninyi mfikiri kama huyo ni mwenyi bar tu.

Waliotengeneza filme ni wawili. Mmoja ni Mbelgiji, Benoît Lamy, aliyejulikana kwa filme «Home Sweet Home» ya 1973, hadisi ya kuchekesha ya wazee wanaoasi katika nyumba wanamotunzwa. Mwingine ni wa kwetu: Ngangura Mweze, aliyezaliwa Bukavu mwaka 1950. Ndiyo, Bukavu hii hii, ambako watu wa Bonde la Ruzizi wanapanda kila siku na mihogo na mchele. Alisoma kazi ya filme Ubelgiji. Kabla ya hii alitengeneza filme fupi za ukweli, moja juu ya mchoraji Chéri Samba mwaka 1980, na «Kin-Kiesse» mwaka 1982, juu ya furaha na fujo za Kinshasa. Mwaka 1994 akarudi kwao na kutoa filme juu ya ufalme wa Ngweshe, ng'ombe na migomba. Tunayaeleza haya kwa sababu wengi wanazani filme ni kitu cha watu wa mbali. Jina la Kabibi lenyewe, sikieni, si jina la kusikia kwa mara ya kwanza katika Kivu.

Tufike kwa mwimbaji. Kourou anachezwa na Papa Wemba. Na hapa ndipo utamu wa kutazama tena unapozidi, maana mtazamaji wa 1987 alijua jambo ambalo mji wa ndani ya filme haulijui: kijana huyu anayefagia nyumba ya tajiri ni mmoja wa waimbaji wakubwa wa nchi nzima. Alizaliwa 1949 katika Kasai, akawa mmoja wa walioanzisha Zaïko Langa Langa mwaka 1969, na mwaka 1977 akaanzisha kundi lake Viva la Musica. Mama yake alikuwa mwimbaji wa matanga, mtu wa kuitwa kwenye vilio ili aongoze maombolezo, na mwana alisema ni mama aliyemfundisha kuimba. Sikilizeni sauti yake mkiwa mmefunga macho: hata pahali pa furaha kuna kilio chini yake. Pepe Kalle naye anaonekana, yule mtu mkubwa wa Empire Bakuba, pamoja na mchezaji wake mfupi Emoro. Wote watatu sasa hawapo. Pepe Kalle alifariki 1998. Papa Wemba alianguka jukwaani huko Abidjan, mbele ya watu, tarehe 24 Aprili 2016.

Sasa mtu ambaye anatazama leo kijana Kourou akitamani jukwaa, na anajua mwimbaji huyu alimalizia wapi, hawezi kuona filme ile ile ya 1987. Mtengenezaji hakuweka jambo hili ndani. Wakati wenyewe umeliweka.

Na wakati umeweka jambo lingine, chungu zaidi. Mwaka 2003 Papa Wemba alikamatwa Ufaransa. Alishitakiwa kwamba vijana walilipa feza ili waingie Ulaya kama watu wa kundi lake la muziki, na wengi hawakujua hata kushika gitari. Alikaa gerezani miezi kadhaa, na mwaka 2004 korti ilimwona na kosa. Yeye mwenyewe aliimba baadaye juu ya gereza lile na namna Mungu alivyomtembelea humo. Hatuandiki haya ili kumhukumu marehemu. Tunaandika kwa sababu vijana wale walikuwa akina Kourou. Walitoka kijijini, wakaona mji, mji haukuwapa kitu, wakataka mji mkubwa zaidi ng'ambo ya bahari, na muziki ukawa mlango wa uongo. Ngangura Mweze aliiona njia hii mapema: katika filme yake nyingine, «Pièces d'identités» ya 1998, iliyopata zawadi ya kwanza ya FESPACO huko Ouagadougou mwaka 1999, ni mfalme mzee, Mani Kongo, anayefunga safari mpaka Ubelgiji kumtafuta binti yake. Nayo ni ya kucheka. Nayo ukiitazama tena, unacheka kidogo kidogo tu.

Sisi wa Lubarika jambo hili si la filme. Kila mwaka, baada ya mitihani ya taifa, kuna wanaoshuka mpaka barabara kubwa na mfuko mmoja, wakingoja gari la kwenda Uvira au Bukavu, na wengine wanaota Kinshasa ambayo hawajaiona ila katika nyimbo. Wazazi wanauliza: nani atalima mpunga? Watoto wanajibu: tumesoma kwa ajili gani basi? Filme hii haitoi jibu. Kourou anafaulu, ndiyo, lakini mtazame tena uone ni vitu vingapi vya bahati tupu vilimsaidia. Toeni bahati moja tu, na boyi anabaki boyi. Mara ya kwanza tunatoka tukiimba. Mara ya tatu tunatoka tukihesabu ni akina Kourou wangapi katika mji ule hawakupata wimbo mwishoni.

Tumebaki na lile ulizo la kanisa, na hatutaki kulikimbia. Kuna ndugu walioomba filme hii isionyeshwe katika shule, na tunaheshimu moyo wao. Wanasema: mtoto ataona mfumu, ataona pombe, ataona mtu anayeongeza mke wa pili. Ni kweli ataviona. Lakini aliviona tayari, bila umeme wala kioo, njiani kutoka nyumbani. Neno la kuuliza ni namna gani anavionyeshwa. Mfumu wa filme anachekwa, na anayemwamini anachekwa zaidi, maana amelipa feza ili afungwe siku 30 katika nyumba yake mwenyewe. Na juu ya mke wa pili, fungueni Mwanzo 16. Abramu na Sarai hawana mtoto, wanatafuta dawa kwa njia ya mwanamke kijana, Hagari, ambaye hakuna aliyemwuliza anataka nini. Hakuna anayetoa sura ile katika Biblia kwa sababu ina jambo baya. Tunaisoma, na tunaona azabu ya wote watatu.

Kabibi ni nani katika hadisi hii? Ulizo hili tunalisisitiza kwa wasichana wetu. Mama anapanga, tajiri anahesabu, mfumu anaagiza, na hata Kourou anamtamani bila kumwuliza sana. Krubwa Bibi anayemcheza haletwi kama kondoo, ana akili na ulimi. Mamou naye, mke wa kwanza, kwa kutazama mara moja ni bibi wa wivu wa kuchekesha. Tazameni tena: amelaumiwa kwa kukosa mtoto, na kosa haliko kwake. Mume anajua. Mfumu anajua. Na bado ni yeye anayeletewa mwenzake katika nyumba. Katika vijiji vyetu ni wanawake wangapi wamefukuzwa kwa neno hilo hilo, bila mtu kumpeleka mume hospitali? Tulipofika hapa katika mazungumzo yetu, wavulana waliacha kucheka. Msichana mmoja akasema: «Njo sasa filme inaanza.» Tunaona alisema sawa kuliko sisi wote.

Kazi ya darasa, kwa watakaotaka kuandika. Wa kwanza na wa pili: chagueni mtu mmoja wa filme asiyesema sana, mweleze hadisi yote kwa kinywa chake, ukurasa mmoja. Wa tatu na wa nne: filme inaitwa «Maisha ni mazuri», nani katika filme angeweza kusema neno hilo bila kucheka, na dakika gani? Wa tano na wa sita: linganisheni Mamou na Sarai, bila kumwonea yeyote. Tafazali msinakili kwa jirani, na andikeni kwa upande mmoja wa karatasi, maana wino wa mashini yetu unapita mpaka ng'ambo. Zitakazokuwa nzuri tutazipiga katika namba ijayo.